Muuguzi na Kitanda cha Mzee

Kitenzi "kuuguza" kimezaliwa na "kuugua", na mtu akilitazama umbo lake peke yake huweza kudhani kwamba muuguzi ni mtu amfanyaye mwingine augue. Wenye lugha hawakukusudia hivyo. Muuguzi kwao ni yule akaaye na mgonjwa muda wote wa kuugua kwake, amtiaye maji kinywani, ambadiliaye nguo iliyolowa, na akeshaye. Tabibu huja akaenda, muuguzi hubaki. Kwa sababu hii historia ya tiba, ambayo kwa kawaida huandikwa kwa majina ya matabibu na dawa zao, ina upande wa pili usiosomwa sana, nao ni historia ya siku ya kazi: ni nani aliyeamka mapema, alimwosha nani, kwa desturi gani, na desturi hiyo ilimfaa nani. Upande huo huonekana wazi zaidi katika nyumba za kutunzia wazee na wagonjwa wa muda mrefu, kwa kuwa humo dawa zina nguvu chache, na mikono ndiyo itendayo karibu kazi yote. Habari ya Uingereza katika karne moja, tangu 1865, yatosha kuwa mfano.

Sheria ya Maskini ya mwaka 1834 ilitaka fukara wa Uingereza asaidiwe ndani ya nyumba ya kazi, na maisha ya nyumba hiyo yalifanywa magumu kwa makusudi, ili asiwepo mwenye nguvu atakayeyapenda. Lakini wenye nguvu walipoikimbia, waliobaki kuijaza walikuwa wazee, vilema na wagonjwa. Waliowauguza walikuwa mafukara wenzao wa nyumba ile ile, wengi wao wazee pia, na baadhi yao hawakuweza kusoma maandishi ya chupa ya dawa waliyokuwa wakiigawa. Mwaka 1865, kwa fedha za William Rathbone, mfanyabiashara wa Liverpool, Agnes Jones alikwenda katika hospitali ya nyumba ya kazi ya mji huo pamoja na wauguzi 12 waliofunzwa katika shule ya Florence Nightingale huko London. Alikuta wagonjwa zaidi ya elfu moja. Alifanya kazi hapo kwa muda usiotimia miaka mitatu, akafa mwaka 1868 kwa homa ya taifasi, naye ana umri wa miaka 35. Hata hivyo jambo moja lilikuwa limekwisha kuthibitishwa, kwamba maskini naye anastahili muuguzi aliyefunzwa. Na mwaka 1897 amri ya serikali ilikataza fukara kutumiwa kuwa muuguzi wa fukara mwenzake.

Muuguzi aliyefunzwa alikuja na maji safi, shuka safi na utaratibu. Hayo yalikuwa mema makubwa, wala si haki kuyadharau. Lakini utaratibu nao ulizaa kasoro yake. Wodi nzuri ikawa ile yenye vitanda vilivyopangwa kwa safu mbili zilizonyoka, shuka zimekunjwa pembe sawasawa, na mgonjwa mwema akawa yule alalaye kimya asiyevuruga kitanda chake. Mzee aliyeingia kwa mguu uliovunjika au kwa kifua alilazwa. Baada ya wiki kadhaa misuli ilinyong'onyea, viungo vikakakamaa, na aliyekuwa anaweza kutembea akawa hawezi tena. Hapo aliandikwa kuwa ni mgonjwa asiyepona. Kitanda kilimdhoofisha, kisha udhaifu wake ukawa hoja ya kumweka kitandani.

Aliyekikata kisa hiki alikuwa daktari mwanamke, Marjory Warren. Mwaka 1935 hospitali ya West Middlesex, alikokuwa akifanya kazi, ilikabidhiwa nyumba ya kazi ya jirani pamoja na wagonjwa wake 714. Warren alimpima kila mmoja, kazi ambayo kwa wengi wao ilikuwa haijafanywa kwa miaka. Akawatenga kwa hali zao, akataka kuta zipakwe rangi za kuchangamsha, vitiwe vyuma vya kushikia na viti vya kufaa, akawaamsha waliokuwa wakidhaniwa hawaamki. Wengi walisimama, wengi walirudi makwao. Maelezo yake yalichapishwa katika majarida ya matabibu mwaka 1943 na 1946, na mwaka 1947 daktari Richard Asher naye akaandika juu ya hatari za kulala kitandani, akieleza jinsi kifua, damu, mifupa, ngozi na moyo wenyewe vinavyoharibika kwa kulala. Warren alikufa kwa ajali ya motokaa mwaka 1960, baada ya kuona tiba ya wazee imekuwa elimu yenye jina lake.

Lakini amri ya daktari ya kumwamsha mgonjwa hutekelezwa na muuguzi, naye muuguzi ana saa zake. Huduma ya Afya ya Taifa ilipoanza tarehe 5 Julai, 1948, ilirithi majengo mengi ya nyumba za kazi, na pamoja na majengo ilirithi siku yake. Siku hiyo ilianza kabla ya siku. Wauguzi wa usiku, ambao mara nyingi walikuwa wachache mno kwa wodi nzima, iliwapasa kuikabidhi wodi ikiwa safi. Kwa hiyo waliwaamsha wazee saa 11 alfajiri, pengine mapema zaidi, wakawaosha uso na mikono gizani. Wauguzi wa mchana walipoingia, vitanda vilitandikwa viwili viwili, muuguzi mmoja upande huu na mwenzake upande ule. Chai na uji vilipita. Wasioweza kujilisha walilishwa, na kumlisha vizuri mzee aliyepooza upande mmoja si kazi ya dakika tano. Vyombo vya choo vilipelekwa kwa zamu, kila mgonjwa kwa saa iliyopangwa, ingawa tumbo halijui saa. Aliyechelewa kufikiwa alijilowesha, akabadilishiwa shuka, na shuka ile ikaongeza kazi ya aliyekuwa amechelewa kwa sababu ya wingi wa kazi. Ikaja dawa, chakula cha mchana, wageni kwa wale waliokuwa na wageni, chai ya jioni, kisha kulazwa tena ingali mapema. Mwaka 1961 baraza la kuishauri serikali lilitoa taarifa juu ya siku ya mgonjwa hospitalini, na kuamshwa mapema mno kulikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyoelezwa humo.

Katika siku hiyo palikuwa na zamu moja iliyoheshimiwa kuliko zote, nayo ni zamu ya migongo. Mara kadhaa kwa siku muuguzi alipita kitanda hata kitanda na sabuni, spiriti na poda, akasugua migongo, makalio na visigino, ili kuzuia vidonda vya kulalia. Nightingale alikuwa amefundisha tangu 1859 kwamba kidonda cha namna hiyo kwa kawaida ni kosa la uuguzi, si la maradhi. Kwa hiyo kidonda kilipotokea kilikuwa fedheha ya wodi, na muuguzi alisugua kwa bidii na kwa hofu. Hakuna aliyekuwa ameuliza kama kusugua kunafaa.

Wakauliza watu watatu katika London: muuguzi Doreen Norton, muuguzi Rhoda McLaren, na daktari Exton-Smith. Kwanza Exton-Smith na mwenzake Sherwin walipima, mwaka 1961, ni mara ngapi wazee 50 walijigeuza wenyewe usiku. Waliojigeuza zaidi ya mara 50 hawakupata kidonda hata mmoja. Katika 10 waliojigeuza mara 20 au chini, 9 walipata. Kisha mwaka 1962 Norton na wenzake walitoa kitabu chao juu ya taabu za kuuguza wazee hospitalini. Katika wagonjwa 250 waliochunguzwa karibu robo walipata vidonda, na dawa za kupaka hazikuonyesha faida ya kutegemewa. Kilichofaa kilikuwa kumgeuza mgonjwa, mchana na usiku, kila baada ya saa chache. Tena walitunga kipimo ambacho muuguzi yeyote angeweza kukitumia bila chombo: hali ya mwili, hali ya akili, kutembea, kujigeuza, na kujizuia haja, kila jambo alama 1 hadi 4, jumla 20. Mwenye 14 au chini yuko hatarini, naye ageuzwe kabla ngozi haijawa nyekundu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kila aliyewahi kusafisha kidonda kilichofika mfupani anajua bei ya ukuta huo.

Maana ya uchunguzi huu ilizidi habari ya ngozi. Kwa miaka mingi mikono ya wauguzi ilikuwa imechoka kwa kazi isiyofaa, si kwa uvivu wala kwa uovu, bali kwa utii. Nao waliolaumiwa kwa kidonda ndio walionyimwa elimu ya kukizuia. Tangu hapo siku ya muuguzi ilipata hesabu nyingine. Badala ya kuuliza ni saa ya zamu gani, aliweza kuuliza ni nani asiyeweza kujigeuza. Lakini kugeuza mwili mzito kila saa mbili kwahitaji watu wawili, na elimu haileti mtu wa pili. Mwaka 1967 Barbara Robb alichapisha kitabu kilichokusanya ushuhuda wa wauguzi na wengine juu ya ukatili katika wodi za wazee. Serikali ilijibu mwaka 1968 kwa taarifa zilizoyakana mengi kati ya mashtaka yake; mwaka uliofuata taarifa ya hospitali ya Ely, Cardiff, ilithibitisha kwamba wagonjwa wa huko walikuwa wametendewa vibaya, na kwamba waliosema walikuwa wamenyamazishwa. Hivyo ilidhihirika kwamba siku ya kazi yaweza kuharibika kwa namna mbili: muuguzi asipojua la kufanya, na ajuapo asipate nafasi ya kulifanya au ya kulisema.

Kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili kumefundishwa tangu hapo katika shule za uuguzi za nchi nyingi, na za Afrika Mashariki zimo. Huku, ambako wazee wengi huuguzwa nyumbani na binti au mkaza mwana, kazi hiyo haina vazi jeupe wala mshahara, na hakuna anayeiandika. Hata hivyo ni kazi ile ile. Mwanamke aamkaye usiku wa manane kumlaza mamake ubavu wa pili hafanyi jambo dogo kuliko alilolifanya muuguzi wa London, na ngozi ya mzee haijui tofauti ya kitanda cha chuma na kitanda cha kamba.