Utafutaji uliojengewa ndani ya kompyuta, na haki ya kuuzima

Katika maduka madogo ya uchapaji na fotokopi ya Kibuye, Katwe, Kabalagala na kwingineko Makindye, moja ya divisheni tano za jiji la Kampala, kazi nyingi huanza kwa swali hili: faili ya mteja iko wapi? Mhudumu hufungua menyu ya Anza, huandika jina la mwenye barua, kisha hungoja. Kwa kompyuta ya Windows 10 au Windows 11 ambayo mipangilio yake haijaguswa, pamoja na faili huja pia mapendekezo ya kurasa za intaneti kuhusu watu wenye jina hilo. Maana yake ni kwamba jina la mteja limekwisha kupelekwa kwenye seva za Bing, ilhali barua yenyewe imo kwenye diski ya kompyuta iliyo mbele yake.

Hapa yafaa kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni faharasa: programu husoma faili kimyakimya na kuandika orodha ya maneno yaliyomo, ili utafutaji uwe wa haraka. Kazi hiyo haihitaji intaneti, ila huielemea kompyuta kuukuu yenye diski ya kuzunguka, kama zile nyingi zinazouzwa mitumba. La pili ni kutuma maneno yanayoandikwa kwenda nje. Anayelalamikia uzito wa kompyuta huenda akaridhika kwa kuzima la kwanza. Anayelinda siri za wateja hana budi kuzima la pili.

Madai ya kuwa na swichi ya kuzima si mapya. Mwaka 2007 Google ililalamika nchini Marekani kwamba utafutaji wa Windows Vista ulizibana programu za washindani, na Microsoft ikakubali kumwachia mtumiaji achague programu ya utafutaji. Windows 7, iliyotoka mwaka 2009, iliruhusu huduma hiyo kuzimwa kabisa.

Kisa kinachokumbukwa zaidi ni cha Ubuntu, mfumo endeshi wa bure wenye jina la Kiafrika. Waganda husema obuntu, nasi twasema utu. Oktoba 2012 toleo la 12.10 lilianza kuonyesha bidhaa za Amazon kila mtumiaji alipotafuta kitu katika kompyuta yake, na maneno aliyoandika yalipitia seva za kampuni ya Canonical. Swichi ya kuzima ilikuwapo, lakini utafutaji huo ulikuwa umewashwa tangu mwanzo, na hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Richard Stallman, mwanzilishi wa vuguvugu la programu huru, aliuita ujasusi. Ilichukua hadi toleo la 16.04, Aprili 2016, ndipo utafutaji huo ukaja ukiwa umezimwa, na anayeutaka auwashe mwenyewe.

Barani Ulaya sheria ndiyo iliyosukuma mambo. Kutokana na Sheria ya Masoko ya Kidijitali, ambayo kampuni kubwa zilipaswa kuitii kuanzia Machi 2024, Microsoft iliwapa watumiaji wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya uwezo wa kuondoa utafutaji wa Bing na hata kivinjari cha Edge. Programu ni ile ile. Kompyuta iliyosajiliwa Kampala haipati uwezo huo, si kwa sababu ya ugumu wa kiufundi, bali kwa sababu ya nchi iliyochaguliwa ilipowashwa mara ya kwanza.

Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, inayomgusa hata mkusanyaji aliye nje ya nchi iwapo data ni ya raia wa Uganda. Ridhaa ni mojawapo ya misingi yake. Swali ambalo mwenye duka anapaswa kujiuliza ni gumu: mteja aliyeacha hati yake ya kiapo ichapwe, aliridhia lini jina lake litumwe ng'ambo?

Linalowezekana leo ni hili. Katika Windows 11, fungua Mipangilio, kisha sehemu ya faragha na usalama, na uingie katika mipangilio ya utafutaji. Zima utafutaji wa maudhui ya wingu na historia ya utafutaji. Hatua hiyo hupunguza tu. Kuyaondoa matokeo ya intaneti kabisa hulazimu kubadilisha rejista ya mfumo, kazi ambayo ni heri ifanywe na fundi baada ya kuhifadhi nakala ya rejista hiyo. Faharasa huzimwa kwingine, kwenye orodha ya huduma za mfumo. Tena, kila baada ya sasisho kubwa, rudi ukague: swichi uliyoizima huenda ukaikuta imewashwa.