Nafasi ya Kwanza kati ya Nne: Shule ya Msingi ya Uganda na Watoto Wenye Mahitaji Maalumu

Katika shule nyingi za msingi nchini Uganda, mgeni hupokelewa na vibao vidogo vilivyosimikwa kwenye nyasi au kutundikwa mitini. Kimoja humwambia mtoto aseme kweli, kingine humsihi asiache shule, na kingine humtaka amsaidie mwenzake mwenye ulemavu. Hizo ndizo tunu za shule, zimewekwa hadharani ili kila mtu azisome. Insha hii inauliza tunu hiyo ya mwisho ilifikaje shuleni, na kama iliandamana na msaada wa kweli. Hoja yangu ni kwamba Uganda ilifaulu mapema kubadili jibu la swali "nani aende shule?", lakini ilichelewa kujibu "akifika, afundishwe vipi?"

Tuanze na miaka ya 1950, wakati wa Gavana Andrew Cohen. Elimu ya watoto wasioona ilipoanza kupangwa, mmoja wa walioisukuma alikuwa Clutha Mackenzie, raia wa New Zealand aliyepoteza macho yake vitani Gallipoli mwaka 1915. Shule ya Madera, karibu na Soroti, ni matunda ya kipindi hicho. Shule za aina hii zilifanya kazi kubwa: zilithibitisha kwamba mtoto asiyeona anaweza kusoma na kuandika kwa nukta nundu. Hata hivyo zilikuwa chache, zilikuwa mbali na nyumbani kwa watoto wengi, na ziliegemea makanisa na wafadhili. Msingi wake ulikuwa huruma. Isitoshe, kuwapo kwake kuliipa shule ya kijijini kisingizio, kwamba mtoto huyo ana shule yake kwingine.

Lugha zetu nazo zilisaidia kumweka kando. Kiswahili kiliwaweka kipofu, kiziwi na kiwete katika ngeli ya KI-VI, pamoja na kiti na kikombe, ingawa upatanisho wake katika sentensi ni wa watu. Katika Kiganda, kiziwi ameitwa kasiru, neno linaloanza kwa ka-, kiambishi ambacho kwa kawaida ni cha vitu vidogo. Mtoto aliyeitwa hivyo tangu utotoni hakutarajiwa kushika kalamu. Lakini Kiswahili hicho hicho kina methali isemayo "hujafa hujaumbika", yaani ulemavu si wa kabila fulani la watu, unaweza kumfika yeyote. Kati ya ngeli na methali, tunaona jamii iliyojua ukweli huu bila kuufuata.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na watu wenye ulemavu wenyewe. Mwaka 1987 vyama vyao viliungana na kuunda NUDIPU, na sauti yao ikasikika wakati Katiba mpya ilipokuwa ikiandikwa. Katiba ya 1995 ilitambua haki yao ya kuheshimiwa utu wao, na katika malengo yake ya kitaifa ikataja kuendelezwa kwa lugha ya alama. Uganda ikawa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kuitaja lugha hiyo katika katiba. Mwaka 1996 watu wenye ulemavu walipata viti vitano bungeni, na Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, akawa mbunge. Msingi ukahama kutoka huruma hadi haki.

Januari 1997 haki hiyo iliingia nyumbani. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulianza kwa kulipia karo ya watoto wanne wa kila familia, na masharti yake yakaeleza wanne hao wachaguliwe vipi: kama kuna mtoto mwenye ulemavu, aanze yeye, na wasichana nao wasiachwe. Tafakari uzito wa sharti hili. Katika familia yenye watoto wengi na pesa kidogo, mtoto mwenye ulemavu mara nyingi alikuwa wa mwisho kufikiriwa. Sasa serikali ilimwambia mzazi kwamba huyo wa mwisho ndiye wa kwanza. Baadaye kikomo cha watoto wanne kiliondolewa, lakini funzo lilikwisha kutolewa.

Tatizo lilianzia mlangoni pa darasa. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka takriban milioni 3 mwaka 1996 hadi zaidi ya milioni 5 mwaka uliofuata, na katika shule nyingi madarasa ya chini yalipita watoto 100. Mwanzoni ruzuku kwa shule ilikuwa shilingi 5,000 kwa mwaka kwa mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu, na 8,100 kwa wa darasa la nne hadi la saba. Kiasi hicho kilifuata darasa la mtoto, si hitaji lake. Mtoto asiyesikia alikaa nyuma ya wenzake themanini, mbele ya mwalimu asiyejua ishara hata moja. Alikuwa ameandikishwa, lakini hakuwa akifundishwa.

Si haki kusema kwamba hakuna kilichofanyika. Tangu 1992, kwa msaada wa Denmark, mpango wa EARS ulianzisha huduma za kuwapima watoto na kuwaelekeza wilayani. Taasisi ya elimu maalumu, UNISE, iliandaa walimu, na mwaka 2003 ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Kyambogo. Katika mtihani wa darasa la saba, watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 45, na wapo wanaopewa karatasi za nukta nundu au wakalimani wa ishara. Lakini Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2006 iliahidi pia angalau asilimia 10 ya matumizi ya elimu, na fungu la elimu maalumu lilibaki mbali sana na kiwango hicho.

Wapo wanaodai kwamba nchi maskini haiwezi zaidi. Hoja hiyo ina ukweli kuhusu mashine za nukta nundu, ambazo ni ghali. Haina ukweli kuhusu kumketisha mbele mtoto asiyeona vizuri, kuweka njia ya mteremko penye ngazi, au kumfundisha kila mwalimu mwanafunzi ishara za msingi.

Kwa kuhitimisha, historia hii haionyeshi kwamba sharti la 1997 lilishindwa. Lilifanya sehemu yake: lilimtoa mtoto uani na kumfikisha shuleni. Sehemu iliyobaki ni ya bajeti na vyuo vya ualimu, na wahenga walikwisha kusema kwamba ahadi ni deni. Deni hili linapimwa darasani, pale mtoto anapouliza swali kwa ishara na mwalimu akaweza kulijibu.