Usingizi wa Dunguni

Babu yangu hakulala usiku kucha. Mpunga ulipotoa masuke, alihamia dunguni, kibanda kilichoinuliwa kwa miti shambani, bonde la Rufiji. Alisinzia vipande vipande, kamba ya madebe imefungwa kidoleni, sikio likiwasikilizia nguruwe na viboko.

Baada ya mafuriko ya 1968, serikali iliwahamishia wakulima sehemu za mwinuko, nje ya bonde. Mashamba yenye rutuba yalibaki bondeni, na madungu nayo yakabaki. Kule delta ya mto huo, wavuvi nao hufuata kujaa na kupwa kwa maji, yanayochelewa kama dakika 50 kila siku. Usingizi wao huhama nayo.

Nikitafuta muda wa kusoma, nilijaribu ratiba ya babu ya kulala vipande vipande hapa Kibiti mwezi mzima. Nilisoma, kweli. Lakini nilielewa zaidi bei ya sahani ya wali: macho ya wazee wetu.