Kutia Moyo na Kuamuru: Historia ya Neno katika Nchi ya Mpanda

Katika Kiingereza liko neno "encourage", ambalo kila mwanafunzi hulijua mapema, na wachache huliuliza asili yake. Liliingia katika lugha hiyo mnamo karne ya 15 kutoka Kifaransa cha kale, na ndani yake limefichwa neno la Kilatini lenye maana ya moyo. Basi Mwingereza alitamkapo neno hilo, asema bila kukumbuka yale asemayo Mswahili waziwazi: kumtia mtu moyo. Lugha mbili zisizo na nasaba zimekutana katika wazo moja, kwamba nguvu ya kutenda hukaa moyoni, na kwamba mtu aweza kumwongezea mwenzake nguvu hiyo.

Lakini neno hilo lilipoingia katika kazi za serikali, lilipata maana nyingine. Mtawala aliyeandika kwamba watu "wametiwa moyo" kulima au kuhama, aghalabu alikuwa na sheria mkononi. Waswahili nao, katika kulifasiri, hawakuridhika na neno moja. Walisema kuhimiza, kushawishi, kuchochea, na baadaye kuhamasisha. Kila neno lina tabia yake, na yafaa kuzitazama tabia hizo kabla ya kusimulia habari.

"Kutia moyo" humhitaji mtu. Husemwa, "alimtia moyo", na maneno yametimia; hapana haja ya kutaja kazi. "Kuhimiza" kumetokana na hima, yaani haraka, na jambo lake si moyo bali mwendo. Tena kwaweza kuchukua kazi mahali pa mtu: husemwa "kuhimiza kilimo", na mkulima hatajwi. "Kushawishi" kuna shaka ndani yake, kwa kuwa Shetani naye hushawishi. "Kuchochea" kulianza mekoni, penye kuni na moto; mtu akichochea maendeleo husifiwa, akichochea watu hushitakiwa. "Kuhamasisha" kumetoka katika hamasa, neno la Kiarabu la ari na ushujaa, ambalo Abu Tammam alilitumia katika karne ya 9 kuuita mkusanyo wake mashuhuri wa mashairi. Siku hizi limekuwa neno la mikutano na ofisi, na shujaa wake ametoweka.

Nchi ya Mpanda, iliyo leo katika Mkoa wa Katavi uliozaliwa mwaka 2012 kutoka Mkoa wa Rukwa, yaonyesha vema jinsi maneno haya yalivyotenda kazi. Wabende, Wapimbwe na Wakonongo waliishi humo kwa kutawanyika katika misitu ya miombo, wakilima, wakiwinda na kutundika mizinga ya nyuki. Kisha ukaja ugonjwa wa malale, uenezwao na mbung'o. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza iliwakusanya watu wa magharibi ya Tanganyika katika makazi makubwa, ili msitu ufyekwe na mbung'o wakose maficho. Hoja ya madaktari ilikuwa na nguvu, kwani ugonjwa ulikuwa ukiua. Lakini sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa machifu uwezo wa kutoa amri na kumwadhibu asiyetii. Mtu aliyeambiwa ahame hakuulizwa kama moyo wake umeridhika. Aliacha mashamba, mizinga na makaburi ya wazee wake, na nyuma yake msitu ukarudi.

Habari ya pili ni ya vijiji. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alieleza siasa ya ujamaa vijijini, na mwaka 1968, katika maandishi yake juu ya uhuru na maendeleo, alisisitiza kwamba watu hawawezi kuingizwa katika ujamaa kwa nguvu; kazi ya kiongozi ni kueleza na kuwa mfano. Hayo ndiyo maana halisi ya kutia moyo. Hata hivyo, mnamo Novemba 1973 alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba kazi hiyo itimizwe kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Mwalimu alitenga mambo mawili: kukaa pamoja ni amri, kulima pamoja ni hiari. Tofauti hiyo ilikuwa wazi katika karatasi. Kwa mtu aliyepakiwa katika lori pamoja na vyombo vyake, ilikuwa vigumu kuiona. Wilaya ya Mpanda haikusazwa, na wazee waliokumbuka uhamisho wa malale walihamishwa mara ya pili, safari hii na serikali yao wenyewe.

Habari ya tatu ni ya wageni. Baada ya mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka. Tanzania iliwapa ardhi katika Ulyankulu, na katika wilaya ya Mpanda walipewa Katumba, kisha Mishamo mwaka 1978. Walifyeka pori, wakalima mahindi, maharage na tumbaku, hata wakajilisha. Mwaka 2007 waliwekwa mbele ya njia mbili: kurudi Burundi au kuomba uraia. Wengi waliomba uraia, na zaidi ya 160,000 wakakubaliwa. Lakini walitakiwa pia kuyaacha makazi hayo na kutawanyika katika mikoa mingine. Wengi hawakushawishika. Mpango wa kuwahamisha ulikwama, na kuanzia mwaka 2014 walianza kupewa hati zao za uraia, wakaruhusiwa kubaki.

Habari hizi tatu hazilingani kwa kila jambo. Ya kwanza ilitaka kuokoa uhai, ya pili ilitaka kuleta shule, maji na zahanati, ya tatu ilitaka kuwachanganya raia wapya na wa zamani. Nia njema haikukosekana katika yoyote. Kilichotofautiana ni nafasi aliyopewa mwambiwa. Katika mbili za kwanza kukataa kulikuwa kosa. Katika ya tatu watu waliweza kusita, na serikali ikabadili mpango wake.

Hapo ndipo kipimo cha neno kilipo. Atiaye moyo humwachia mwenzake uwezo wa kusema hapana. Akimnyima uwezo huo, ameamuru, hata kama ulimi wake ni laini. Kuamuru si dhambi daima. Penye maradhi au moto amri yaweza kuwa rehema. Dhambi ni kuiita amri kwa jina la moyo, kwa sababu mwenye kuamuru kwa jina lake hujibu kwa matokeo, lakini mwenye "kuhamasisha" husema kwamba watu walipenda wenyewe.

Nchi hiyo hiyo ina mfano wa upande wa pili. Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, alifika mwaka 1889 Adrien Atiman, mtu wa nchi iitwayo leo Mali, aliyetekwa utumwani utotoni, akakombolewa na Mapadre Weupe na kusomeshwa udaktari huko Malta. Hakuwa na askari wala hati ya kuwaamuru wagonjwa. Alikaa Karema akitibu na kufundisha hadi alipofariki mwaka 1956, yaani miaka 67. Watu walimfuata kwa sababu walimwona akibaki.

Wahenga walisema, hiari yashinda utumwa. Methali hiyo haisemi kwamba hiari ni rahisi wala kwamba ni ya haraka; yasema kwamba hushinda. Mwandishi wa taarifa, mfasiri na kiongozi, kila anapotaka kuandika kwamba wananchi wamehamasishwa, yampasa kwanza kujiuliza kama walikuwa na ruhusa ya kukataa. Wakiwa hawakuwa nayo, Kiswahili kina neno lililo wazi na fupi: waliamriwa.