Mlinzi Asiye na Ukuta: Nabii Ezekieli na Mikesha ya Nakivale

Katika makanisa ya Wakongomani na Warundi yaliyotapakaa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, huko Juru na Rubondo, na hata katika yale ya Mbarara mjini ambako waombezi wao hualikwa, jina la mlinzi hutajwa kwa heshima kubwa, nalo hupewa mtu akeshaye katika sala ilhali wenziwe wamelala. Mwenye elimu ya maandiko aweza kuliona jambo hili kuwa istiara iliyovutwa mbali mno, kwa hoja kwamba mlinzi wa Waebrania alikuwa mtumishi wa mji wenye ukuta, lango na mfalme, na Nakivale haina hata kimoja katika hivyo vitatu. Makala haya yanadai kinyume chake.

Kazi yenyewe, kabla haijatiwa maana ya kiroho, ilikuwa kazi ya macho na ulimi. Mlinzi wa Yezreeli, katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, aliona kutoka mnarani kundi la Yehu likija, akatoa habari. Na yule aliyesimama juu ya lango siku Absalomu, mwana wa mfalme Daudi, alipouawa alimwambia Daudi kwamba yuko mtu apigaye mbio peke yake, kisha wa pili, na kwamba mwendo wa yule wa kwanza wafanana na wa Ahimaasi, asiongeze neno. Ni mfalme, kwa shauku ya mzazi, aliyefasiri mbio zile kuwa habari njema; mlinzi hakusema hivyo, wala hana dhima ya machozi yaliyofuata. Amana hiyo yadhihirika hata nje ya Biblia: katika vigae vilivyofukuliwa Lakishi mwaka 1935, vyenye barua za siku za mwisho za ufalme wa Yuda, mwandishi mmoja ataarifu kwamba wao wazitazamia ishara za moto za Lakishi, maana za Azeka hawazioni. Kusema kwamba huoni, pale usipoona, nako kulikuwa sehemu ya zamu.

Basi jambo la ajabu ni kwamba yule aliyepewa cheo hiki kwa ukamilifu kuliko manabii wote hakuwa na mnara. Ezekieli alikuwa kuhani katika waliohamishwa Babeli pamoja na mfalme Yehoyakini mwaka 597 K.K., akaishi kando ya mto Kebari kati ya watu walioketishwa katika nchi ya wengine kwa amri ya wengine. Alipofika Tel-abibu aliketi siku saba katikati yao, ameshikwa na bumbuazi, na ndipo baada ya hizo siku saba akaambiwa kuwa amewekwa mlinzi. Yerusalemu, mji wenye kuta, ulikuwa mbali, hawezi kuuona. Ulipoanguka, habari ilimfikia kwa kinywa cha mkimbizi mmoja aliyeponyoka. Alilinda nini, basi? Alilinda watu, mmoja mmoja, kwa sharti zito kwamba yule asiyeonywa akifa katika uovu wake, damu yake itatakwa mkononi mwa mlinzi. Kwa hiyo ulinzi ulikwisha kutengana na ukuta tangu zamani hizo, na uhamishoni ndiko ulikotengana nao.

Nakivale imekuwa makazi ya watu waliopoteza miji yao tangu waliokimbia machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959, kisha wakafuata Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengineo. Haikuzungushiwa ua, mtu hupewa kiwanja, akajenga, akalima. Kinachomwandama hapo aghalabu si jeshi liwezalo kuonekana kutoka kilimani, bali ni habari isiyo na mwenyewe: kwamba mgawo wa chakula utakatwa tena, kwamba orodha ya kuhamishiwa nchi ya tatu imetoka, kwamba kijiji alikotoka kimetulia. Kwa watu hao naona jibu la mlinzi katika sura ya ishirini na moja ya Isaya kuwa na uzito wa pekee. Muulizaji yuko Seiri, ni mgeni, si Mwisraeli. Ataka kujua usiku umefika wapi. Mlinzi hamfukuzi, wala hamfurahishi: asubuhi yaja, na usiku nao, na akitaka kuuliza zaidi na arudi aulize. Ni nadra kumwona mtu wa Mungu akikataa kwa upole namna hiyo kuuza matumaini asiyoyaona.

Hapo ndipo ninapohitilafiana na baadhi ya mahubiri ya mikeshani, ambamo mlinzi hugeuka kuwa mwenye maono ya ghaibu, afichuaye ni jirani yupi aliyemfungia mwenziwe safari. Ezekieli, katika sura ya thelathini na tatu ya kitabu chake, alionywa pia juu ya wasikilizaji waliomjia kama waendao kumsikiliza mwimbaji mwenye sauti tamu, wasitende lolote. Na umati mkubwa, katika sura hiyohiyo, hauhesabiwi kuwa ushahidi wa kazi iliyofanyika. Mkesha unaostahili jina la ulinzi kwa kipimo cha Ezekieli ni ule ambao, kunapokucha, waombaji humwendea kijana aliyeombwa fedha na dalali kwa ahadi ya kupelekwa Marekani, wakamweleza waziwazi kwamba nafasi hiyo hainunuliwi, hata ikiwa dalali huyo ni mtoa sadaka mkubwa wa kanisa lao.