Waliodhaniwa Mumiani

Juni 1947 gazeti la East African Standard liliripoti kisa cha ajabu kutoka Mombasa: umati wa watu ulikuwa umekishambulia kituo cha zimamoto. Hasira yao haikuhusu nyumba iliyoachwa iteketee wala gari lililochelewa kufika. Mjini ulikuwa umeenea uvumi wa mumiani, na watu waliamini kwamba waliovaa sare ndani ya kituo kile walikuwa wakinyonya damu za binadamu.

Mombasa haikuwa peke yake. Nairobi, Kampala na miji mingine ya Afrika Mashariki, kwa miongo kadhaa ya ukoloni, wazimamoto walitajwa kwa sauti ya chini na watoto walitishiwa kwao. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo kwa wazee wa Kenya na Uganda, akayatolea kitabu mwaka 2000. Mojawapo ya kumbukumbu zake ni kesi ya Kampala ya mwaka 1959, ya mtu aliyefungwa miaka mitatu kwa kujaribu kumuuza mwenzake kwenye kituo cha zimamoto. Muuzaji aliuamini uvumi kiasi cha kuona humo biashara.

Ni rahisi kucheka leo. Lakini tazama walichokiona watu wa mitaa ya Waafrika enzi zile: jengo lenye uzio, magari mekundu, mipira mirefu, na wanaume wanaoshinda ndani wakisubiri kitu kisichoonekana. Huduma yenyewe ilijengwa kwanza kulinda maduka, maghala na nyumba za wenye mali, na mitaa ya makuti ilipata mabaki. Hakuna aliyebisha hodi uswahilini kueleza gari lile linabeba nini. Pale maelezo yalipokosekana, watu walijitungia yao.

Baada ya uhuru mambo yaliendelea kwa muda mrefu kama yalivyokuwa: zimamoto ilikuwa idara ya manispaa na halmashauri, kila mji na gari lake, likiwa zima au bovu. Dar es Salaam kituo kilicho kando ya Barabara ya Morogoro kiligeuka jina la mahali. Abiria waliopaza sauti "Faya, shusha!" walikuwa wengi kuliko waliowahi kuingia getini. Hofu ya mumiani ilififia, na badala yake yakaja malalamiko ambayo kila mkazi wa mjini anayajua: gari limekuja limechelewa, tena halina maji.

Nchini Tanzania mageuzi makubwa yalikuja na Sheria Na. 14 ya mwaka 2007, iliyoviondoa vikosi hivyo mikononi mwa halmashauri na kuunda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Zanzibar ina kikosi chake, Kikosi cha Zimamoto na Uokozi. Namba ya dharura ikawa 114. Ukaguzi wa majengo na elimu kwa umma vikawa kazi za kila siku, na askari wakaanza kuonekana mahali ambapo babu zao kikazi hawakukanyaga: shuleni, sokoni, kwenye nyumba za ibada, kwenye vijiwe vya bodaboda.

Wanachofundisha ni mambo madogo madogo. Ukisikia harufu ya gesi jikoni, funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiguse swichi. Mtungi wa kuzimia moto huchomolewa pini, mdomo wake ukaelekezwa kwenye shina la moto, kwani anayepulizia ndimi za juu anapoteza dawa. Mabwenini somo ni zito zaidi. Mwaka 1994 moto uliua wasichana zaidi ya 40 katika shule ya Shauritanga, Rombo. Mwaka 2009 wasichana 12 walikufa Idodi, Iringa. Septemba 2020 watoto 10 wakafa katika shule ya Byamungu, Kyerwa. Nondo za madirishani zinazomzuia mwizi humzuia pia mtoto anayekimbia moshi, na mlango uliofungwa kwa kufuli nje ni hatari kuliko mshumaa wenyewe.

Hata hivyo, ukiorodhesha majanga makubwa yaliyoitikisa Tanzania tangu miaka ya 1990, mengi yametokea majini.

Asubuhi ya Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka ziwani ikikaribia Mwanza. Mamia walikufa, idadi inayotajwa mara nyingi ni karibu 900. Meli ilibaki juu ya maji kwa muda, tumbo likiangalia mbinguni, na waliokuwa karibu walisikia waliomo ndani wakigonga chuma. Ilipotobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa ikiishikilia juu ilitoka, na meli ikazama. Nia ilikuwa njema. Ujuzi na vifaa ndivyo vilivyokosekana. Wapiga mbizi ilibidi waje kutoka Afrika Kusini kusaidia kutoa miili, na wengi wa marehemu walizikwa Igoma.

Miaka 15 baadaye, usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, imejaza watu na mizigo kupita kiasi. Baadhi ya walionusurika walielea juu ya magodoro yaliyokuwa sehemu ya shehena. Julai 2012, MV Skagit, boti iliyowahi kuvusha watu huko Seattle, Marekani, ikapinduka karibu na Chumbe.

Nungwi kwenyewe kulizuka jambo ambalo halikuanzishwa na jeshi lolote. Mradi wa Panje uliwaandaa wanawake wa huko wawe walimu wa kuogelea, wawafundishe wasichana wa Kiislamu wakiwa wamevaa mavazi yanayowasitiri mwili mzima. Kisiwani, ambako bahari ni ua wa nyumba, wasichana wengi walikuwa wakikua bila kujua kuelea. Somo la kwanza halikuwa mbio za majini: ni kulala chali, kutulia, kupumua. Dumu tupu la plastiki lililofungwa kifuniko humshikilia mtu mzima juu ya maji, na madumu hayakosekani katika nyumba yoyote ya Mswahili. Haya ni maarifa yanayofaa zaidi kuliko hotuba kumi za siku ya msiba.

Ziwa likarudi kuuliza swali lile lile la uokoaji Septemba 20, 2018. Kivuko cha MV Nyerere, chenye uwezo wa kubeba watu 101, kilipinduka mita chache tu kabla ya gati la Ukara, kikiwa na zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Zaidi ya watu 220 walikufa. Walioanza kuokoa walikuwa wavuvi wenye mitumbwi, waliokuwa karibu kuliko chombo chochote cha serikali.

Ndivyo ilivyokuwa tena Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 24 walinusurika na 19 walifariki. Mitumbwi ya wavuvi iliifikia ndege mapema, na picha za wananchi wakiivuta kwa kamba kuelekea ufukweni zilisambaa duniani. Zilikuwa picha za ushujaa, na pia hati ya mashtaka: ndege imeangukia karibu na uwanja mjini asubuhi, na kamba iko mikononi mwa raia.

Mwaka uliotangulia, Aprili 2021, Umoja wa Mataifa ulikuwa umeitenga Julai 25 kuwa siku ya kuzuia vifo vya kuzama majini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 236,000 hivi walikufa maji mwaka 2019, wengi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kanda ya Ziwa hesabu hiyo ina sura za watu: mvuvi wa dagaa anayetoka usiku na taa zake bila jaketi la kuokolea, mtoto aliyetumwa kuchota maji. Dar es Salaam, kila masika, inaongezeka sura ya mtu anayejaribu kuvuka Jangwani maji yakiwa yanakwenda kasi, umbali wa kutembea tu kutoka pale Faya.

Baada ya ajali ya ndege ya Bukoba, kijana mvuvi Majaliwa Jackson, aliyesifiwa kwa kuwahi kwenye mlango wa ndege na kasia lake, aliagizwa na Rais Samia ajiunge na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Jeshi hilo lina chuo chake Chogo, wilayani Handeni, mbali na ziwa na mbali na bahari. Ziwa alikwisha kulijua. Alichobakiza kujifunza kilikuwa ngazi, mpira wa maji na gwaride.