Mstari wa 1964: Sharti la Umbali na Nyumba za Ufuoni Mbita

Kila Ziwa Victoria linapofurika, wenye nyumba za ufuoni Mbita, Kenya, hulaumiwa kwamba walijenga bila kujali masharti ya kibali, na kwa hiyo wabomolewe. Wanaowatetea hujibu kwamba ziwa ndilo lililowafuata nyumbani. Makala haya yanazikataa kauli zote mbili. Mgogoro wa Mbita unahusu mstari ambao sheria inautaja lakini hakuna aliyeuchora ardhini, na jukumu la kuuchora ni la anayetoa kibali.

Kuhusu sheria yenyewe hakuna ubishi mkubwa. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamkataza mtu kuendeleza ardhi bila kibali cha kaunti, na inairuhusu kaunti kukitoa kwa masharti. Anayeyavunja hupelekewa ilani. Ana siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti, na asiporidhika huenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Akiipuuza ilani, anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, kufungwa hadi miezi 2, au vyote viwili.

Ubishi unaanzia kwenye sharti la umbali kutoka majini. Watu wengi hutaja mita 30 kana kwamba zinajitosheleza. Mita 30 kutoka wapi? Kanuni za maji za 2007 zilihesabu ukingo wa ziwa kuanzia kiwango cha juu kabisa cha maji kilichowahi kurekodiwa. Si kutoka pale maji yalipo siku fundi anapochimba msingi, wala kutoka kwenye mafunjo.

Hapa ndipo rekodi ya ziwa inapostahili kusomwa kwa makini. Kiwango cha maji kimekuwa kikipimwa Jinja, Uganda, kwa zaidi ya karne moja. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2, likafika mita 13.41 kwenye kipimo hicho. Mafuriko ya Mei 2020, yaliyoonekana kama kioja kisicho na mfano, yalifika mita 13.42. Tofauti ni sentimita 1, upana wa ukucha. Ziwa halikumfuata mtu. Lilirudi lilipowahi kufika watu wakiliona. Kilichopotea katikati ni kumbukumbu. Kufikia mwishoni mwa 2006, baada ya ukame na maji mengi kufunguliwa kwenye mabwawa ya Jinja, kiwango kilikuwa kimeshuka karibu mita 3 chini ya kile cha 1964. Mahali ambapo ardhi inashuka mita 1 kwa kila mita 50, mita 3 hizo ni ukanda mkavu wa mita 150. Mtoto aliyezaliwa 1965 alikua akiona ukanda huo ukiibuka kidogo kidogo, akaufanya malisho, akaulima, akaanika omena juu yake, kisha akautafutia kibali.

Tuseme mtu huyo alipata kibali 2010, na sharti linasema mita 30 kutoka kiwango cha juu cha maji. Anashika futi ya kamba, anasimama pale mawimbi yanapolamba mchanga, anapima mita 30, anaongeza 20 kwa tahadhari, na kupigilia vigingi. Kwa macho yake ametii na kuzidisha. Kwa rekodi ya Jinja yuko ndani kabisa ya ziwa. Mkaguzi aliyepita msingi ukimwagwa alisimama kwenye mchanga ule ule. Miaka 10 baadaye mstari wa matope unakauka ukutani, na mwenye nyumba anaitwa mkaidi.

Wapo watakaosema kutojua sheria si utetezi, na kwamba Katiba, kifungu cha 62, inayahesabu maziwa kuwa ardhi ya umma. Nakubali yote mawili. Lakini alichokosa mtu huyu ni kipimo, wala si sheria, na kipimo kilikuwa mikononi mwa serikali kwa zaidi ya miaka 40. Hoja nzito zaidi ni kwamba rekodi yenyewe husogea: Mei 2024 maji yaliipita alama ya 2020. Jibu langu ni kwamba sharti lisomwe kwa rekodi ya siku kibali kilipotolewa. La sivyo, hakuna kibali cha ufuoni kinachoweza kutiiwa kwa hakika.

Kuna jambo jingine ambalo fomu za kibali hazina nafasi yake. Katika dala, yaani boma, la Waluo, na kwa kiasi kikubwa la Abasuba walioishi nao, nyumba kuu kwa kawaida hukaa upande wa juu, ikitazama lango lililo chini, na simba, yaani nyumba za wana wa kiume, husimama karibu na lango. Kwenye miteremko inayoelekea ziwani, simba ndizo zinazotangulia kufikiwa na maji. Kumwambia kijana arudishe nyumba nyuma mita 40 ni kumwambia ajenge nyuma ya nyumba ya baba yake. Wengi hawatafanya hivyo hata wakitishiwa tingatinga, na sioni ni kwa nini tuite hilo ukaidi kabla ya kuwauliza wazee kama lango linaweza kuhamishwa.

Kwa hiyo naona kwamba ilani isiyoonyesha ardhini mahali mstari unapopita inafaa kushindwa katika rufaa. Mpima ardhi wa kaunti anaweza kukihamisha kiwango cha ziwa hadi Mbita, kutoka Daraja la Rusinga kufuata ufuo, na kusimika mawe ya zege kwenye kila shamba linaloombewa kibali. Jiwe lisimikwe kabla ya sahihi kutiwa, na namba yake iandikwe ndani ya sharti.